Chupa ya Siku 28 na Lambo la Buzwagi

Miaka michache iliyopita nilihudhuria mkutano wa hadhara katika kijiji kimoja cha ukanda wa dhahabu, kati ya Kahama na Geita. Mwekezaji ambaye sitamtaja alikuwa amemtuma mtaalamu wake kueleza yaliyomo katika ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira. Kijana yule alikuwa mstaarabu na alijiandaa vyema. Alipofika kwenye ukurasa wa kemikali, alisoma kwamba ile itakayotumika kuelesha madini "huoza kwa urahisi katika maji". Ushahidi akauinua juu ili wote tuuone: karatasi ya usalama kutoka kwa mtengenezaji, yenye mstari mmoja unaosema kwamba zaidi ya asilimia 60 ya kemikali hiyo ilioza ndani ya siku 28.

Bibi mmoja aliyeketi mbele akanyoosha mkono. Akasema, "Mwanangu, ng'ombe wangu wanakunywa siku ya kwanza. Hawasubiri siku ya ishirini na nane."

Watu wakacheka, na mtaalamu naye akacheka. Mwenyekiti akapokea swali jingine, la ajira za vijana. Muhtasari wa mkutano, ambao nilipata kuuona baadaye, uliandika kwamba wananchi waliridhika na maelezo.

Nimesoma vitabu na makala nyingi kuhusu uozaji wa kemikali katika maji, na bado sijakutana na pingamizi lililosemwa kwa uwazi kuliko lile la yule bibi. Makala haya ni jaribio langu la kulirudisha swali lake mezani, kwa sababu eneo la Buzwagi linaingia katika awamu nyingine ya historia yake, na karatasi za namna ile zitaletwa tena, pengine kwa wingi kuliko mara ya kwanza.

Kwanza tuelewane kuhusu jaribio lenyewe. Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, ambalo ni klabu ya nchi tajiri, lina miongozo inayojulikana kwa namba 301, iliyofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 1992. Mwongozo huo una njia sita, lakini wazo ni moja. Chukua chupa, weka maji safi yenye chumvichumvi za lishe. Weka kemikali unayoipima, na hakikisha ndiyo chakula pekee kilichomo. Kisha tia kiasi kidogo cha bakteria, ambao kwa kawaida huchotwa kwenye mtambo wa kusafisha maji taka ya majumbani. Funga, weka gizani katika joto la nyuzi 22 hivi, na upime oksijeni inayoliwa. Bakteria wakiila kemikali, oksijeni hupungua. Ikiliwa asilimia 60 ya oksijeni ambayo ingehitajika kuichoma kemikali yote, tena ndani ya siku kumi tangu uozaji uvuke asilimia 10, kemikali hupewa sifa ya kuoza kwa urahisi. Muda wote wa jaribio ni siku 28.

Jaribio hili si la hovyo. Kwa kweli ni gumu kulifaulu: bakteria ni wachache, hawajazoeshwa, na hawana chakula kingine. Kemikali nyingi zinazooza vizuri mtoni hufeli ndani ya chupa. Hata historia yake ina heshima, maana ilizaliwa na hasira za wananchi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Ulaya na Marekani ziliacha sabuni za mafuta na kuhamia sabuni za viwandani ambazo bakteria hawakuweza kuzila. Mito ikafunikwa na povu. Ujerumani Magharibi ikatunga sheria mwaka 1961 ya kuwalazimisha watengenezaji watumie kemikali zinazooza, na viwanda vikabadilisha umbo la molekuli zao katika miaka michache tu. Viwanda vile vile vilivyokuwa vimesema haiwezekani. Povu lilionekana kwa macho, na siasa ikafuata macho.

Ugomvi wangu basi si na chupa. Ni na wale wanaoichukua chupa hiyo, yenye maji safi na bakteria wa mji wa Ulaya, wakaiweka mezani Kahama kana kwamba ni lambo la Mwendakulima.

Tazama tofauti zake. Mgodi wa Buzwagi, uliofunguliwa mwaka 2009, haukuwa wa dhahabu peke yake. Mwamba wake ulikuwa na shaba, ndiyo maana ulizalisha makinikia yale yaliyotikisa nchi. Ili kuyapata makinikia, mwamba uliosagwa huchanganywa na maji, hewa hupulizwa, na kemikali mbili hutiwa: moja ya kuyavisha madini koti lisilopenda maji, nyingine ya kufanya povu. Madini hupanda na povu, udongo hubaki chini. Katika sekta nzima duniani kemikali ya kuvisha koti aghalabu ni ya jamii ya zanthati. Sasa, shaba ni sumu kwa bakteria. Wakulima wameitumia kuua ukungu wa mimea kwa zaidi ya karne moja. Maji yanayobaki baada ya kuchenjua mwamba wenye shaba yanaweza kubeba kitu kile kile kinachowafisha wafanyakazi wetu wadogo waliotarajiwa kuila zanthati. Ndani ya chupa ya mwongozo 301 shaba haipo, ila chembe inayohitajika kwa lishe.

Mwongozo wenyewe unalijua jambo hili. Unapendekeza chupa ya ziada yenye kemikali inayopimwa pamoja na nyingine inayojulikana kuoza vizuri. Ikiwa uozaji haufiki asilimia 25 kufikia siku ya 14, mpimaji anajua bakteria wake wametiwa sumu. Hiyo ni tahadhari ya kisayansi ndani ya maabara, na ni tahadhari nzuri. Lakini inapima kama kemikali yenyewe ni sumu kwa bakteria. Haipimi kama maji yako, pamoja na kila kitu kilichoyeyuka ndani yake, ni sumu kwa bakteria hao. Swali la pili lina jaribio lake jingine, mwongozo namba 309, ambamo maji halisi ya mto au ziwa huchotwa, kemikali hutiwa kwa kiwango kidogo sana kinachofanana na hali halisi, na kufuatiliwa kwa muda unaoweza kufika siku 60. Lipo, limeandikwa, linajulikana. Ni ghali zaidi na linachosha zaidi. Nadhani sababu ya kutoliona kwenye mikutano ya vijijini haihitaji maelezo marefu.

Kisha kuna oksijeni. Maji ya nyuzi 20 katika usawa wa bahari hushika takribani miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Kahama iko zaidi ya mita elfu moja juu ya bahari, na lambo la mchana wa Oktoba lina joto kuliko hapo; humo oksijeni huweza kushuka hadi miligramu 7 au chini yake hata kabla mdudu yeyote hajaanza kula. Wapo wenzangu watakaosema, na wana haki, kwamba joto huharakisha uozaji: kinachochukua wiki nne Ulaya kinaweza kuchukua mbili kwetu. Sawa kabisa. Lakini bakteria wanaokula haraka huvuta pumzi haraka, ndani ya maji yenye pumzi kidogo. Ikiisha, uozaji hubadilika tabia, na samaki hawangoji kuona utakavyoendelea.

Hapa niruhusu nitoke kidogo nje ya Shinyanga. Machi 2022 maji ya Mto Mara yalibadilika rangi na samaki wakafa. Serikali iliunda kamati chini ya Profesa Samwel Manyele, nayo ikaeleza kwamba chanzo kikubwa kilikuwa kinyesi na mikojo ya mifugo pamoja na mimea iliyooza. Nchi nzima ilicheka. Watu waliuliza ng'ombe hao wameanza lini kukojoa. Sitaki kuifungua upya kesi ile. Nataka tu tuone kile ambacho kicheko kilituzuia kukiona: kwa maelezo ya kamati yenyewe, vitu vilivyodaiwa kuua samaki ni vitu vinavyooza. Kuoza ndiko kunakomaliza oksijeni. Kwa hiyo afisa anayeandika kwenye faili kwamba kemikali "inaoza, hivyo ni salama" ameandika sentensi ambayo ripoti ya serikali yake mwenyewe inaikanusha.

Hata kipimo tunachokitegemea katika kanuni zetu kina pasipoti ya kigeni. Kanuni za viwango vya ubora wa maji za mwaka 2007 zinataka maji taka yanayomwagwa yasile zaidi ya miligramu 30 za oksijeni kwa lita, kwa siku tano, katika nyuzi 20. Kwa nini siku tano? Kipimo hiki kina asili yake katika Tume ya Kifalme ya Maji Taka ya Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 20, na inasimuliwa kwamba siku tano zilichaguliwa kwa kuwa hakuna mto wa Uingereza unaochukua muda mrefu zaidi ya huo kufika baharini. Uchafu usiooza kwa siku tano ulikuwa ni tatizo la bahari. Msomaji wangu wa Kahama, niambie: maji ya mbuga zenu huchukua siku ngapi kufika baharini? Yale ya lamboni hayafiki. Yanakaa, yanapungua kwa jua, yanakolea, na ng'ombe, watoto na wafua nguo huyafuata hapo hapo hadi mvua nyingine.

Sasa niingie kwa ile kemikali ambayo kila mtu wa ukanda huu anaijua kwa jina. Sayanaidi haimo kabisa katika mtihani huu. Mwongozo 301 ni wa kemikali za kikaboni. Sayanaidi ya sodiamu huhesabiwa kuwa si mojawapo, na karatasi za watengenezaji kwa kawaida huandika kwamba njia za kupima uozaji hazihusiki. Pamoja na hayo, ukienda kwenye plenti za uchenjuaji, kuanzia migodi mikubwa hadi zile ndogo zinazonunua marudio ya wachimbaji, utaambiwa kwa uhakika mkubwa kwamba sayanaidi "huoza yenyewe kwa jua".

Ni kweli kwamba hupungua. Lakini kutoweka si kuoza, na hapa ndipo lugha inapotudhulumu. Sehemu kubwa ya sayanaidi inayotoweka bwawani huondoka kama gesi. Plenti huweka chokaa ili uchungu wa maji upande juu ya 10, kwa sababu chini ya hapo sayanaidi hugeuka gesi na kuruka. Maji yakikaa bwawani hunyonya hewa ya ukaa, mvua huyazimua, chokaa hupungua nguvu, gesi huruka. Kipimo cha maji kitaonyesha kushuka, na mwandishi wa ripoti ataandika kwamba imeoza. Sehemu nyingine hushikana na metali. Ile iliyoshikana na chuma ni ngumu, haiondoki upesi, ila jua likiipiga katika maji mepesi huweza kuachia sayanaidi huru upya. Yaani jua lile lile tunaloambiwa kuwa ni mlinzi. Iliyoshikana na shaba iko katikati: hukaa kwa muda, kisha huachia hali inapobadilika. Buzwagi, nakumbusha, kulikuwa na shaba.

Bakteria wanaokula sayanaidi wapo, sikatai. Mgodi wa Homestake huko South Dakota, Marekani, ulijenga mtambo mwaka 1984 ambamo bakteria wanaoota juu ya magurudumu yanayozunguka majini huila sayanaidi kabla maji hayajamwagwa, na kijito kilichokuwa kimekufa kikapata samaki tena. Mfano huu hutajwa sana na watetezi wa migodi. Hawataji kwamba bakteria wale hawakutoka katika jedwali la mtengenezaji. Watafiti waliwatafuta kati ya bakteria waliokwisha kuzoea maji ya mgodi ule ule, wakawazoesha zaidi, wakawajaribu katika maji yale yale. Homestake ni shahidi wangu mimi.

Na kama kuna anayeamini kwamba kemikali inayopungua yenyewe haina haja ya kuogopwa, asome habari za Baia Mare, Romania. Tarehe 30 Januari 2000 kingo za bwawa zilibomoka baada ya mvua na theluji iliyoyeyuka, na maji yapatayo mita za ujazo 100,000 yenye sayanaidi na metali yakaingia mtoni, kisha Mto Tisza wa Hungaria, kisha Danube. Sayanaidi ile ilipungua njiani kama vitabu vinavyosema. Samaki walikufa kwa mamia ya kilomita wakati inapungua. Wenzetu wa Shinyanga hawahitaji kwenda Romania kujua kwamba kingo hubomoka: Novemba 2022 bwawa la mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, lilipasuka na tope likafunika makazi na mashamba. Almasi haihitaji sayanaidi. Hiyo ilikuwa bahati, na si sera.

Kuhusu zebaki nitasema machache kwa kuwa imeandikwa sana. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Zebaki ni elementi. Haiozi na haitaoza. Bakteria wa matope yasiyo na oksijeni huigeuza kuwa methili zebaki, ambayo hupanda kutoka kijimea hadi samaki hadi sahani. Katika habari ya zebaki bakteria si wafagiaji hata kidogo. Nayataja haya kwa sababu nimesikia mfanyabiashara wa marudio akiwahakikishia vijana kwamba kila kitu kikizikwa udongoni huoza. Si kila kitu. Hata zanthati niliyoitaja mwanzoni, ikivunjika majini, inaweza kutoa kaboni disalfaidi, kimiminika kinachovukika upesi na chenye sumu kwa mishipa ya fahamu. Kipimo kikiuliza "zanthati imebaki kiasi gani?", jibu litakuwa zuri. Swali la "imekuwa nini?" ni jingine.

Kwa nini basi tunaridhika na mstari mmoja katika karatasi ya mtengenezaji? Jibu langu ni la kisiasa, na jina Buzwagi linanisaidia.

Mwaka 2007 Watanzania walilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza si kwa sababu ya dhahabu bali kwa sababu ya mahali: mkataba wa mgodi ulisainiwa London. Mbunge kijana wa wakati huo, Zitto Kabwe, alitaka Bunge lichunguze, akasimamishwa. Baadaye mwaka ule Rais Kikwete aliunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani. Kilichowauma watu kilikuwa rahisi: jambo la Kahama limeamuliwa mahali ambapo mtu wa Kahama hawezi kuchungulia dirishani. Miaka kumi baadaye, Machi 2017, makontena ya makinikia ya Buzwagi na Bulyanhulu yalizuiwa. Kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ikapima kilichomo. Ya Profesa Nehemiah Osoro ikahesabu fedha. Nchi nzima, hadi vijiwe vya kahawa, ilijifunza kutamka majina ya metali adimu. Tuligombana juu ya kila gramu iliyopanda na povu. Ni wachache waliouliza juu ya povu lenyewe, na kilichobaki chini yake, ambacho hakikupanda meli kwenda popote.

Halafu tukapatana. Tangu mwaka 2020 Serikali ina asilimia 16 ya migodi hiyo kupitia Kampuni ya Twiga. Sipingi umiliki huo. Niliutetea na bado nautetea. Lakini mwenye hisa ana masikio ya mwenye hisa. Mei 2019, kabla ya mapatano, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira liliitoza North Mara faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi kutoka bwawa la topesumu. Natamani kuona ukali ule ule ukiendelea sasa ambapo Hazina nayo imo ndani ya hesabu za faida. Mtumishi wa umma unayesoma hapa, sikutuhumu. Nasema umewekwa katika kiti chenye kona mbili, na njia ya kukusaidia ni kukupa kipimo ambacho hakitegemei ujasiri wako binafsi.

Na kipimo hicho kinahitajika upesi. Buzwagi imeacha kuzalisha. Kilichobaki ni shimo, bwawa la topesumu, majengo, umeme, uwanja wa ndege na mpango wa kuligeuza eneo lote kuwa ukanda maalumu wa kiuchumi. Umetangazwa pia mpango wa kusafisha hapo nikeli, shaba na kobalti kutoka Kabanga, Ngara, kwa njia ya maji na tindikali badala ya tanuri. Ni mpango wenye maana kwa taifa. Kusafirisha udongo ni aibu tuliyoishi nayo mno. Hata hivyo viwanda vya namna hiyo kwa kawaida hutumia vimumunyisho vya kikaboni kutenganisha metali moja na nyingine, na kila kimumunyisho kitakuja na karatasi yake, na kila karatasi itakuwa na mstari wake kuhusu uozaji. Viwanda vingine vidogo vya rangi, betri, sabuni, ngozi vikifuata, karatasi zitakuwa mamia. Eneo moja, mbuga zile zile, bakteria wale wale ambao hakuna mwekezaji aliyewaajiri.

Nitaambiwa kwamba kudai majaribio ya hapa nyumbani ni kumfukuza mwekezaji. Hoja hii huwa naipenda kwa unyofu wake: inakiri kwamba tunachouza ni kutokuuliza. Lakini tuihesabu. Jaribio la kuchota maji ya eneo husika na kufuatilia kemikali kwa siku 60 ni gharama ndogo mno mbele ya gharama ya mtambo wa kusafishia metali, na muda wake hauzidi ule ambao faili moja hulala mezani kwa sababu zisizo na uhusiano na sayansi. Viwanda vya sabuni vya Ujerumani havikufilisika kwa kulazimishwa kuthibitisha. Aidha msingi wa kisheria tunao. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka kanuni ya tahadhari na kanuni kwamba mchafuzi ndiye alipaye. Sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya mwaka 2003 inamtaka mwingizaji asajili kemikali zake kwa Mkemia Mkuu. Kinachohitajika ni sharti moja kuunganisha hizo mbili: kemikali ya kikaboni itakayotumika kwa wingi karibu na chanzo cha maji ya watu au mifugo isisajiliwe kwa matumizi hayo mpaka iwe imepimwa katika maji ya mahali hapo, yakiwa na metali zake, chumvi zake na joto lake, kwa gharama ya mwingizaji na kwa mikono ya maabara asiyoichagua yeye. Na kisipimwe kilichotoweka tu, bali na kilichozaliwa.

Matokeo nayo yawe ya umma. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mtumishi hadi siku 30 kumjibu mwananchi aliyeomba taarifa. Siku 30, mbili zaidi ya zile za chupa. Wanaharakati wa Kahama na Geita, msiombe "taarifa za mazingira" kwa ujumla, maana mtapewa vipeperushi. Ombeni ripoti ya jaribio, si muhtasari wake: jina la maabara, namba ya mwongozo, bakteria walichotwa wapi, joto lilikuwa ngapi, kulikuwa na metali gani ndani ya maji, mkondo wa oksijeni siku hadi siku. Mkijibiwa kwamba ni siri ya biashara, ombeni jibu hilo kwa maandishi. Fomula ya kemikali yaweza kuwa siri ya mtu. Kinachotokea ikishaingia kwenye maji ya kijiji hakiwezi kuwa siri ya mtu.

Wanafunzi wangu hunilalamikia kwamba mada za tasnifu zimekwisha. Kuna chupa za kupimia oksijeni katika karibu kila maabara ya chuo inayofundisha kemia ya maji, nyingine hazijatoka kwenye makabati tangu zinunuliwe. Kuna basi la kwenda Kahama kila siku. Mtu anaweza kuchota maji lamboni mwisho wa kiangazi, akachota tena mvua za kwanza zinapoyavuruga, akaweka sodiamu benzoeti, ambayo bakteria wa kila mahali wanajulikana kuila, akaona tu kama bakteria wa pale wanaila kwa kasi ile iliyoandikwa vitabuni. Hilo peke yake, bila kemikali ya mwekezaji yeyote, lingetuambia kitu ambacho karatasi zote za mikutano hazituambii.

Na wewe afisa ambaye faili la kiwanda kinachofuata litakufikia: utaukuta ule mstari, pengine katika sehemu ya 12, inayohusu ikolojia. "Huoza kwa urahisi." Usiukate, maana huenda ni kweli kwa chupa iliyopimwa. Andika pembeni yake kwa kalamu yako, "Maji yalichotwa wapi?", kisha ulirudishe faili kwa aliyelileta.